Nani Mwenye Jua?

Kwetu Unguja, mtu akikuita firauni hakukusifu. Firauni ni mla haki za watu, ni baba anayewapiga wanawe hadi majirani wakatoka nje, ni mwenye nyumba anayemkatia mpangaji maji mwezi wa Ramadhani. Neno limo katika kamusi na limo katika magomvi ya Darajani. Wengi wetu tulilipokea chuoni, kwa maalim aliyetusimulia jinsi bahari ilivyomfungukia Musa ikamfungia adui yake. Kisa kiliishia humo majini. Hakuna aliyetwambia kwamba firauni, kwa cheo alichojipa mwenyewe, alikuwa mtoto wa Jua.

Mie nimelijua hilo ukubwani, katika kusomasoma kwangu mambo ya Misri ya kale nyakati za usiku, mwanangu akishalala na gazeti likishafungwa. Kwanza neno lenyewe. Kwa Kimisri cha kale lilikuwa na maana ya "nyumba kubwa". Likianza kama jina la kasri, likaja kuwa jina la mwenye kasri, kama tunavyosema leo "Ikulu imesema" wakati aliyesema ni mtu mmoja. (Wenye nyumba kubwa na nyumba ndogo, msicheke. Siyo hiyo.) Kisha hilo la jua. Wafalme wa nasaba ya 5, zaidi ya miaka 4,300 iliyopita, waliifanya "Mwana wa Ra" kuwa sehemu ya kawaida ya majina yao ya kifalme, na Ra ndiye jua. Wakajenga na mahekalu ya jua karibu na Abusir, na mawili kati ya hayo yamechimbuliwa: la mfalme Userkaf na la mfalme Niuserre. Hekalu halikuwa mahali pa kusujudia tu. Lilikuwa na mashamba, ng'ombe, maghala, makarani wa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Kwa hiyo kumpa mungu ardhi kulikuwa ni kuamua nani atalima, nani atakula na nani atahesabu. Ukitaka kujua siasa ya mungu yeyote, tazama ghala lake.

Aliyenishughulisha zaidi lakini ni mmoja aliyekuja baadaye sana, Akhenaten, aliyetawala kuanzia kiasi cha mwaka 1353 K.K. kwa miaka 17 hivi. Alirithi kiti akiwa Amenhotep wa 4, jina lenye kumtukuza mungu Amun, ambaye makuhani wake pale Thebes walikuwa na mali na sauti kubwa. Huyu bwana akabadili jina, akahamisha mji mkuu hadi jangwani mahali panapoitwa leo Amarna, akatuma watu na patasi wakafute jina la Amun kwenye kuta. Akasema wa kuabudiwa ni Aten, lile duara la jua lenyewe unaloliona kwa macho.

Vitabu vingi humsifu kama mtu wa mwanzo kuhubiri mungu mmoja. Basi tazama picha zake. Katika mawe ya Amarna, jua limechongwa juu na miale yake inashuka, na kila mwale umeishia kwa kiganja cha mkono. Ni picha nzuri kwa kweli, jua lenye mikono. Lakini mikono hiyo inapotoa alama ya uhai, inaipeleka puani kwa mfalme na mkewe Nefertiti. Wengine wote wameinama pembeni. Watu wa Amarna waliweka hata majumbani mwao mawe yenye picha ya familia ya kifalme, wapate kuomba kupitia hao. Jua linalomwangaza kila mbuzi na kila mvuvi lilikuwa limewekewa mlango mmoja, na ufunguo wake anao mtu mmoja. Alipokufa, makuhani wa zamani wakarudi. Kijana aliyekuja kukaa kwenye kiti alikuwa akiitwa Tutankhaten, akageuzwa kuwa Tutankhamun. Herufi chache tu, lakini ndani yake mna mali ya nchi nzima iliyobadili mikono.

Nikajiuliza: hivi siye wa pwani hii tumewahi kuwa na jua la namna hiyo?

Jibu la haraka ni hapana, na chuo kimetusaidia kulijibu. Mtoto wa Kiunguja anajua habari ya ndege hudihudi aliyemletea Nabii Suleiman habari za malkia wa Sabaa na watu wake wanaolisujudia jua. Anajua kisa cha Nabii Ibrahim alivyolitazama jua, akaona linazama, akaliacha. Hata zile nyakati tunazokatazwa kuswali, jua linapochomoza, linapokuwa kichwani na linapozama, tuliambiwa sababu yake moja ni tusifanane na waabudu jua. Yaani tumelelewa na jua likiwa karibu sana, ndilo linalotupa saa za swala tano, lakini kwa masafa maalumu.

Jibu la pili nililipata nilipokuwa nasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoka kwa rafiki yangu wa Marangu niliyekaa naye bwenini. Kwao Uchagani, jina la Mungu ni Ruwa, na Ruwa ni jina la jua. Wamisionari wa Kilutheri walipofika Kilimanjaro walilikuta jina hilo wakalichukua, na mpaka leo Wachaga Wakristo wanamwomba Ruwa. Nilishangaa, nikamwambia kwenu mnaabudu jua? Akacheka sana. Akasema bibi yake alikuwa akitoka nje asubuhi, akilielekea jua, akiomba, na ukimuuliza kama Mungu ni lile duara atakuona mjinga.

Kilichonikaa kichwani ni neno. Ruwa ya Kichaga, riũa ya Kikuyu, enjuba ya Kiganda, zuva ya Kishona na jua letu ni neno moja la Kibantu lililotawanyika na watu wake. Wairaqw wa Mbulu, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, nao Mungu wao Looa ana jina la jua, na kwao ni wa kike, mama mwenye huruma. Kwa Wachaga na Wairaqw jua lilibeba jina la Mungu, na hakukuzuka Amarna. Palikuwa na watawala, mangi wa Uchagani walipigana na kutozana ng'ombe kama watawala wengine, ila mwanamke wa kawaida aliweza kusimama mlangoni kwake asubuhi na kuomba bila kupitia kwa mtu. Kwangu mie tofauti ya jambo lote iko hapo. Swali la kuuliza ni nani amesimama kati ya watu na jua.

Sasa nije kwetu, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Upande wa mama yangu ni watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Huko kila Julai kuna Mwaka Kogwa, ambao wazee huuita pia Siku ya Mwaka au Nairuzi. Wengi wenu mmeuona kwenye picha za watalii: wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto na mzee anachomoka ndani yake, wanawake wamejipamba wanaimba kuzunguka viwanja. Moshi unatazamwa unaelekea wapi. Na siku hiyo nyumba isiyo na mgeni ni nyumba yenye nuksi, kwa hiyo ukipita njia utaitwa ule, hata kama hawakujui.

Lakini nyuma ya migomba kuna hesabu, na hesabu ndiyo yenye maajabu. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, una siku 354 au moja zaidi, kwa hiyo unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka na Ramadhani inazunguka masika, kusi, vuli na kaskazi. Mkulima wa maweni hawezi kupanda choroko kwa Ramadhani. Nahodha hawezi kungojea kaskazi kwa Rajabu. Ndiyo maana watu wa pwani, Waislamu safi, waliweka pembeni mwaka wa pili, mwaka wa jua wenye siku 365. Waliuhesabu kwa miongo, kumi kumi: miongo 36, halafu siku tano za ziada, halafu mwaka unaogwa upya. Mwongo fulani unachoma, mwongo fulani unapanda, mwongo fulani bahari haitaniwi.

Jina Nairuzi ni la Kiajemi, Nauruzi, siku mpya. Waajemi wa kale nao walikuwa na mwaka wa miezi 12 ya siku 30 na siku tano za nyongeza, na wataalamu wengi wanaona hesabu hiyo waliiga Misri. Kwa sababu Wamisri wa mafirauni ndio walioanza: miezi 12, siku 30, na tano juu, bila ya siku ya kurekebisha ile robo inayobaki, hivyo mwaka wao ukateleza siku moja kila miaka minne. Kumbe! Firauni tuliyemwacha majini chuoni, hesabu yake ilikuwa hai kijijini kwa bibi yangu. Mungu wake alikufa, mahekalu yakaliwa na mchanga, ila ile hesabu ya siku ilipita Uajemi, ikapanda majahazi, ikashuka Unguja, na ikakuta kwenye ufukwe huohuo wa kusini msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Msikiti na Nairuzi vimekaa jirani tangu hapo, ukitembea kwa miguu unafika.

Ndani ya familia yetu lakini havikukaa vizuri. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa bibi, ni ustadhi. Ana zaidi ya miaka 20 hajakanyaga uwanja wa Mwaka Kogwa. Anasema hiyo ni mila ya Majusi, na kwamba moto, mizimu na kutazama moshi ni mlango, na mtu huanza kwa kutazama akaishia kuamini. Si mtu mkali. Ni mtu anayemwogopa Mungu kikweli na hoja yake ina mashiko. Mie mwenyewe sipendi kile kipande cha mzimuni. Bibi naye hajawahi kumjibu. Siku ya Mwaka anapika, anatenga sahani, wageni wanakuja wanakula, na sahani moja inafunikwa kawa mpaka jioni. Kila mtu anajua ni ya nani. Mwaka huu bibi, ambaye macho yamekwisha, ameniambia nimlete binti yangu wa miaka saba. Mjomba aliposikia akanipigia simu, akanambia kwa upole, "Mwanangu, mtoto huyo ni amana."

Nimelala na neno hilo siku nyingi. Na katika kulipima nikajikuta narudi kwenye ile mikono ya Amarna.

Maana Unguja tumewahi kuwa na watu waliosemekana wameshika mbingu. Mwinyi Mkuu, aliyekuwa na kasri lake Dunga, alitawala wenyeji wa kisiwa kabla na hata baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake hapa, na nguvu yake ilikuwa katika ngoma na siwa takatifu. Masimulizi yanasema Sayyid alipomfunga, mvua ilikata, na haikunyesha mpaka aliporudishwa. Ukweli wa mvua hiyo siwezi kuuthibitisha, wala sina haja. Watu waliosimulia walikuwa wanatoa hukumu ya kisiasa: unaweza kuchukua ngome na forodha, ila mvua si ya kwako. Ukoo huo ulikwisha mwaka 1873, mwana wa aliyejenga kasri la Dunga alipofariki. Miaka kumi baadaye, 1883, Sayyid Barghash akajenga Beit al-Ajaib, na jengo hilo likaja kuwa na mnara wa saa juu ya mji. Siye tunaohesabu saa moja tangu jua litoke, kwa sababu huku karibu na ikweta linatoka takriban wakati uleule mwaka mzima, tukawa tunainua macho kwa mtawala kujua jua letu liko wapi. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara ule ulianguka pamoja na sehemu ya jengo, na watu wawili wakafariki. Nilikuwa miongoni mwa waandishi waliosimama nje ya utepe siku hiyo. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa kwa wakati wake ndipo nilipogundua kwamba tangu alasiri nilikuwa natazama juu kutafuta saa ambayo haipo.

Hata jina la Kishirazi limekuwa chombo. Wenyeji wengi wa kusini na kaskazini ya Unguja, na Pemba, walijiita Washirazi, na hadithi ya Uajemi ikawapa daraja ambayo si ya Mwarabu wala ya mtu wa bara. Mwaka 1957 jina hilo likaingia kwenye chama, Afro-Shirazi, likakaa humo mpaka 1977 chama kilipoungana na TANU kuwa CCM. Nairuzi haikuwa ngeni kwa siasa, basi. Na wala si Unguja peke yetu. Majirani zetu Malawi waliliondoa jua linalochomoza kwenye bendera yao mwaka 2010, wakaweka jua zima, kwa hoja kwamba nchi imeshapambazuka. Mwaka 2012 rais mwingine alipoingia, jua likarudishwa kuchomoza. Akhenaten angeelewa bila mkalimani.

Kuna mwaka mmoja nilitumwa na gazeti kuandika habari za Mwaka Kogwa. Maturubai yalikuwa yamefungwa upande mmoja wa uwanja kwa ajili ya wakubwa, viti vimevishwa vitambaa, maji ya chupa mezani. Wazee wenye shughuli yao walikaa juani. Kibanda kilikuwa tayari, mwenye kuingia yuko tayari, makuti makavu. Tukangoja. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Nikamuuliza mzee mmoja tunangoja nini, akanijibu bila ya kejeli yoyote, "Mgeni rasmi hajafika." Mwaka wa jua, uliohesabiwa siku 365 bila kukosa, ulikuwa umesimamishwa na msafara wa magari. Alipofika tukapiga makofi, na kibanda kikawashwa. Jioni nikaandika habari yangu, na sentensi ya kwanza, kama utaratibu wetu ulivyo, ilianza kwa cheo na jina la mgeni rasmi. Mzee aliyechomoka kwenye moto alikuja katika aya ya sita, bila jina.

Ndiyo nasema: nikitafuta ibada ya jua Makunduchi, siioni kwa bibi anayejua lini apande. Naiona zaidi kwenye lile turubai, na kwenye sentensi yangu ya kwanza.

Nilikwenda kumwona mjomba mwezi uliopita. Sikwenda kubishana, nilikwenda kumwamkia na kumwambia nimeamua nitampeleka mtoto kwa bibi siku hiyo, tutakaa nyumbani tupike na tule, uwanjani nitakwenda peke yangu kikazi. Alikuwa shambani, anafukia mbegu. Nikashika jembe. Katika mazungumzo nikamuuliza amejuaje kwamba wakati umefika, mvua zenyewe siku hizi hazieleweki. Akajibu huku ameinama kwamba kwa hesabu yake tuko mwongo wa 30, na mwongo huu haukawii.

Nikanyamaza. Akainua kichwa akaniona navyomtazama.

"Hesabu haina dini," akasema. "Kanifundisha mama. Ngoma ndiyo sitaki."

Nikamwomba anisomee miongo yote, mmoja mmoja, nikafungua simu nirekodi. Akasoma kama mtu anayesoma wirdi, bila kusita, na alipofika wa 19 akakwama. Akajaribu tena, akakwama palepale. Akasema, "Hapo pana neno. Muulize bibi yako."

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Hakunijibu, akarudi kwenye mbegu zake.

Nimeandika haya kabla ya Julai, sijui sahani ile itafunuliwa au la. Ninachojua ni kwamba bibi yangu ana miaka inayokaribia 90, na kama mwongo wa 19 una neno lake, liko kichwani mwake yeye peke yake katika ukoo wetu. Skuli hakuna anayeufundisha, na picha za watalii haziuoni. Kwa hiyo wewe msomaji wangu wa Pemba, wa Mafia, wa Lamu, na wewe uliyeko Maskati au London ambaye una mzee wa kumpigia simu Ijumaa: ukimaliza kumwamkia, muulize leo tuko mwongo wa ngapi. Akikujibu, usikate simu. Chukua kalamu.